Siku Relja Alipokaa Tena Mezani Petu

Kengele ililia saa saba mchana, nikiwa nimebeba sinia la samaki kwa mikono miwili. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Dunja, kafungue!" Nikafungua kwa kiwiko. Haki ya Mungu, kama si ukuta ningeanguka na samaki wangu.

Alikuwa Relja.

Miaka miwili na nusu sijamtia machoni. Kasimama pale na chupa ya divai mkononi, theluji mabegani, kakonda, nywele kazipunguza. Macho ni yaleyale, yanayokutazama kana kwamba hayana haraka ya kwenda popote. Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku nikikutana naye nitampa yake, na maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga mara mia kitandani. Yote yakanitoka.

"Heri ya sikukuu, Dunja."

"Unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja slava."

"Nani kakualika?"

"Baba yako."

"Lini?"

"Miaka minane iliyopita," akasema, na hata hakutabasamu.

Hapo akanipata. Kwetu mtu haalikwi slava mara mbili. Ukishaitwa mara moja kwenye siku ya mtakatifu wa nyumba, mlango ni wako kila mwaka mpaka ufe, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukurudisha hata kama hakupendi hata chembe. Mtakatifu wetu ni Nikola, tarehe kumi na tisa Desemba, na baba yangu ni wa kukubali kukatwa mkono kuliko kuvunja desturi hiyo. Relja alilijua hilo fika. Mshenzi mkubwa!

"Ungeweza kuchagua siku nyingine," nikamnong'oneza.

"Siku nyingine ungenifungulia?"

Kabla sijajibu Baba akatokea, na suti yake ya bluu, kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, maana mwenye nyumba siku hiyo hakai. Anamimina, anagawa, anaitikia salamu. Alipomwona Relja, uso ukamkakamaa.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, Mzee Radivoj. Heri ya sikukuu, mwenye nyumba."

Wakabusiana mara tatu mashavuni, kama inavyotakiwa. Baba alimbusu kama anabusu mlango wa benki. "Ingia," akasema. "Anza na ngano."

Relja akachota kijiko kimoja cha ile ngano ya kuchemsha iliyowekwa karibu na mshumaa, akajifanyia ishara ya msalaba, akala. Sebuleni watu kumi na wanne walikuwa wakimtazama. Hata kijiko hakikugonga sahani. Kaka yangu Vukan alisukuma kiti chake nyuma, akamtazama Baba, akaona hakuna la kufanya, akakaa tena.

Niwaeleze kwa kifupi, kwani huenda mmesikia mambo nusunusu. Bendi yetu inaitwa Hladna Peć, yaani Jiko Baridi, kwa sababu ya jiko la kuni lililoko stoo nyuma ya nyumba hii hii, hapa Zrenjanin, ambalo halijawahi kuwaka sawasawa. Humo ndimo tulimofanyia mazoezi miaka sita, makoti mwilini. Mimi naimba na kupiga besi. Vukan anapiga gitaa, lile la sauti nyembamba yenye mwangwi. Relja, mchumba wangu wakati ule, alikuwa mtu wa mashine: ngoma za umeme, vinanda viwili vya zamani alivyovifufua mwenyewe, na nyaya za kutosha kufungia ng'ombe. Kaseti hamsini za mwanzo tulizikunjia karatasi zake kwenye meza ya jikoni. Ikaja Novi Sad, ikaja Zagreb, kisha kampuni ndogo ya santuri ya Leipzig ikatutolea albamu, na watu wa miji nisiyoweza hata kuitamka wakaanza kuimba kwa lugha yetu maneno niliyoyaandika kwenye basi. Shangazi Persida, dada yake Baba, anauita muziki wa watu waliofiwa wakiwa zamu kiwandani. Hajakosea sana.

Tangu Relja aondoke, mahali pake panashikwa na kompyuta. Tulinakili kila kitu kilichokuwa ndani ya zile mashine zake, sasa Vukan anabonyeza mara moja na Relja anapiga bila Relja. Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa tunaondoka kwa maonyesho ishirini na matatu, wiki tano, na kombi ilikuwa uani imepakiwa nusu.

Na kila aliyekaa mezani pale alijua kwa nini Relja hayupo kwenye bendi. Alitutoroka Maribor, katikati ya safari, bila kwaheri. Walijua kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Ulikuwa uongo.

Uongo huo ulikuja kuzaa ubaya mkubwa kuliko wenyewe. Mwezi wa tatu mwaka huu mama yake Relja, Spomenka, akafa. Nyumba yao ni mitaa mitatu kutoka kwetu. Baba yangu alikuwa hajawahi kukosa kuzika mtu wa mji huu. Hata waliomdhulumu kazini aliwazika. Siku ile akanijia chumbani akaniuliza, "Dunja, niende?" Mimi, kwa kuogopa asije akamkuta Relja kaburini wakaongea na ukweli ukatoka, nikamwambia, "Usiende." Neno moja tu. Hakwenda. Hakuna aliyekwenda kutoka nyumba hii.

Sasa mtoto wa Spomenka alikuwa amekaa kwetu, na Baba akimmiminia rakia, ile pombe yetu kali ya matunda, kwa desturi.

"Mwaka huu samaki wako laini," Relja akamwambia Mama.

"Kula, kula," Mama akajibu, haraka haraka, huku akitazama pembeni. Mama alimpenda sana zamani. Alikuwa akimfungia keki kwenye karatasi kila tuliposafiri.

Shangazi Persida hakuwa na haja ya kutazama pembeni. "Naona umerudi kutoka Maribor," akasema. "Treni zao zinachelewa siku hizi."

Watu wawili wakacheka. Relja akatafuna taratibu.

"Zinachelewa, Shangazi."

"Mimi si shangazi yako. Ungekuwa mkwe ningekuwa shangazi yako. Ulikuwa na nafasi hiyo ukaitupa dirishani."

"Kweli, Bibi Persida."

"Na Bibi pia usiniite, sijazeeka!"

Nilikuwa nakwenda jikoni na kurudi, nakwenda na kurudi. Nilileta mkate ambao ulikuwapo tayari. Nilileta chumvi mara mbili. Siwezi kukaa nikiwa na jambo kifuani, miguu yangu inakataa. Kila nilipopita nyuma ya kiti chake nilisikia harufu ileile, ya sabuni na risasi ya kuchomelea nyaya. Alikuwa hajageuka hata mara moja, lakini shingo yake ilikuwa nyekundu, basi nikajua ananisikia nikipita.

Mara ya nne nikasimama. "Relja. Njoo unisaidie kubeba maboksi stoo."

"Maboksi yapi?" Vukan akauliza kwa ukali. "Nimeyabeba yote."

"Hujayabeba yote."

"Dunja..."

"Kaa, Vukan!"

Stooni kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nikafunga mlango, nikaegemea boksi la spika, nikamkabili.

"Sema ulichokuja kusema, kisha uende. Umekuja kunifedhehesha?"

"Ningetaka kukufedhehesha ningeongea kule mezani."

"Basi mbona huongei? Wanakutukana, umekaa tu unatafuna!"

"Unataka niwaambie?"

Nikatazama mlango kama umefungwa sawasawa. Aliniona nikiutazama. Akatoa mfukoni daftari jembamba, jalada la kijani, akaniwekea juu ya boksi.

"Mwezi wa kumi nilikuja Szeged," akasema. "Kwenye onyesho lenu. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na makoti."

"Ulikuja kututazama kisirisiri?"

"Nililipa kiingilio kama mtu yeyote. Kwenye wimbo wa tatu uliishiwa pumzi. Kwenye wa tano ulimeza mstari mzima. Kwenye wa mwisho uliegemea kipaza sauti kama mtu anayetaka kuanguka. Dunja, unaumwa?"

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu. Kwa miaka miwili sauti yangu ilikuwa inaniacha njiani. Nilikwenda kwa daktari wa koo Novi Sad, akanichungulia akasema koo zima. Nikatafuta mwalimu wa kuimba, mama mmoja aliyenilaza sakafuni nipumue na kitabu tumboni. Wapi! Kila nikipanda jukwaani nahisi nakimbiza kitu. Nilianza kuamini kwamba nimekwisha, nina miaka thelathini na moja na nimekwisha, na safari hii ya wiki tano ndiyo itakayonianika.

"Naimba vizuri tu," nikasema.

"Unaimba vizuri. Kompyuta ndiyo haikusikilizi."

"Maana yake nini?"

Akakuna kichwa. Akaona haya, yeye, mtu ambaye huwa haoni haya. "Kile kitufe cha mwendo, pale kushoto kwenye mashine ya ngoma. Unakikumbuka?"

"Cha kuzungusha. Unakiweka mwanzo wa wimbo."

"Sikuwa nakiweka. Nilikuwa nakishika."

"Unakishika vipi?"

"Wimbo mzima. Wewe mstari wa kwanza unakwenda taratibu, ukifika kwenye neno unalolipenda unakimbia, halafu unachoka, unahitaji nafasi kidogo ya kuvuta pumzi. Nikikuona mabega yanapanda, nazungusha nyuma kidogo. Ukikimbia, nazungusha mbele. Kidogo sana, hakuna anayesikia. Miaka sita, Dunja. Hatujawahi kupiga wimbo mmoja kwa mwendo uleule mara mbili."

Nikajikuta nimejishika mabega.

"Mlichonakili ni siku moja," akaendelea. "Siku moja ya mwezi wa tano, ulikuwa na mafua. Kila siku unaimba kwa kufuata mafua yale."

Ningeweza kucheka, lakini machozi ndiyo yaliyotangulia. Miaka yote ile nilikuwa najisifu kwa waandishi kwamba mimi ni saa, sihitaji kuhesabiwa. Kumbe saa yenyewe ilikuwa na mtu nyuma yake, kidole kwenye kitufe, ananitazama mabega. Na huyo ndiye niliyemfukuza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kujitazama. Ungeharibu."

"Na Maribor? Siku ile nilipokuambia yale, mbona hukuniambia? Ungenifunga mdomo!"

"Ulisema bendi ni wewe na kaka yako. Ulisema mimi ni mbonyezaji, niwaachie mashine niende zangu. Ulisema mbele ya dereva na mwenye ukumbi." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo likaniuma zaidi. "Nilidhani ndivyo unavyoamini. Mtu akishaamini hivyo, utamwonyesha kitufe?"

Sikuamini hivyo. Nilikuwa nimesoma gazeti jioni ile, limemsifia yeye ukurasa mzima na mimi mstari mmoja, nikaona wivu, basi. Nilimpenda mpaka nikamwonea wivu, na ulimi wangu ukafanya uliyoyafanya. Asubuhi nikaona kiti chake kitupu, na mashine zake zote kaziacha zimefungwa vizuri, kila moja na jina lake. Vukan alikuwa na homa usiku ule, amelala hotelini, hakusikia lolote. Akaniuliza, "Relja yuko wapi?" Nikasema, "Katutoroka." Lilitoka lenyewe.

"Daftari lina nyimbo zote," Relja akasema. "Nimeandika kila mahali unapokimbia na unapochoka. Mpe Vukan. Mikono yote inapiga gitaa, lakini mguuni anaweza kufungiwa kanyagio, nimechora namna. Atajifunza kwa wiki moja."

"Umekuja kwa ajili ya hili tu?"

"Wiki tano mfululizo namna ile, utaua koo lako. Sikuweza kulala."

"Njoo wewe. Kesho saa moja. Kuna nafasi."

Akatikisa kichwa. "Vukan alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Hakuja kumzika mama yangu. Nitakaaje naye kwenye kombi wiki tano, tutazungumza nini? Na yeye ananiona mimi ndiye msaliti. Huwezi kupiga muziki na mtu kama huyo nyuma yako."

"Nitawaambia."

"Usiwaambie kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea. Wewe ndiye unayeishi nao." Akafungua mlango. "Turudi, Bibi Persida ataanza kuhesabu dakika."

Mezani nilikaa mara hii. Daftari nilikuwa nimelibana kifuani. Nilimtazama Baba akizunguka na birika la rakia, mgongo umeanza kumuuma, anajikaza. Nilifikiri: nikisema, mtu huyu hatanitazama tena alivyokuwa akinitazama. Nisiposema, kesho saa moja nitaondoka na kompyuta, na Relja atatembea mitaa mitatu kwenda kwenye nyumba isiyo na mama. Nilitaka kwenda kuleta chumvi tena.

Baba akafika kwa Relja, akammiminia. Relja akainuka kidogo, akasema, "Asante, Mzee Radivoj. Mungu akupe afya."

"Na wewe," Baba akasema, na akaongeza, kwa shida, "Pole kwa mama."

"Pole yenyewe ya baada ya miezi tisa hii!" Shangazi Persida akadakia. "Usimpe pole, Radivoj. Aliyemwacha msichana wa watu barabarani kama mzigo, anastahili pole gani? Mimi ningekuwa na uso kama wake nisingekula samaki wa nyumba hii."

"Shangazi, acha," Vukan akasema. "Kesho tunaondoka. Hatumhitaji, tuna kompyuta."

Relja alishusha glasi. Alikuwa anatazama sahani yake, na nikaona mabega yake yamepanda, anavuta pumzi, na hakuna mtu hata mmoja kwenye chumba kile aliyekuwa tayari kumpa nafasi ya kuivuta.

"Mimi ndiye niliyemfukuza," nikasema.

"Nini?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

"Relja hakututoroka. Mimi nilimfukuza Maribor. Nilimwambia hana kazi kwenye bendi, atuachie mashine aende. Nilimtukana mbele ya watu. Akaenda. Vukan, nilikudanganya. Baba, nilikudanganya. Nyote niliwadanganya, na yeye alijua na hakusema."

Shangazi Persida alisukuma mbali sahani yake ya samaki.

Vukan aligeuka mweupe. "Alinipigia simu," akasema. "Mara ishirini alinipigia. Mwezi wa nne nilimwona sokoni, kavaa nyeusi, nikavuka barabara."

"Nilikuona," Relja akasema.

"Nilivuka barabara, Dunja! Mwenzangu kafiwa, mimi navuka barabara!"

"Najua."

"Hujui lolote wewe!"

Baba alikuwa bado amesimama. Aliweka birika mezani, taratibu, kama chombo cha mtu mwingine. "Nilikuuliza," akaniambia. "Siku ya Spomenka. Nilikuja chumbani kwako, nikakuuliza niende."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini ulisema nisiende?"

"Niliogopa utajua."

Alitingisha kichwa mara kadhaa, si kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Yule mama alikaa na mimi zahanati usiku mzima wewe ulipozaliwa," akasema. "Alikuwa muuguzi pale. Alinipa kahawa yake. Nimemwacha akazikwa bila mimi, kwa sababu wewe uliogopa nitajua."

Sikuwa najua habari ya kahawa. Nililia mbele ya watu wote, kwa sauti, kama mtoto, na hakuna aliyenigusa.

Baba akavua kile kitambaa cheupe mkononi. Vukan akainuka kukipokea, maana ndivyo ilivyo, baba asipokuwapo mtoto wa kiume ndiye anayesimama. Baba akampita. Akanipa mimi.

"Simama," akasema. "Wageni wasikose kitu. Relja, mwanangu, nipeleke kwa mama yako."

"Radivoj!" Mama akashika kifua. "Leo? Katikati ya slava? Watu watasema nini?"

"Waseme. Mtakatifu ananijua."

"Umekunywa, utaendeshaje?"

"Naendesha mimi," Vukan akasema. Alikuwa ameshachukua funguo za kombi, lakini alikuwa hamtazami Relja, alikuwa anatazama viatu vyake. "Kama utakubali nije."

Relja akamtazama kichwa kisicho na kofia. Kisha akasema, "Kuna baridi kule. Vaa kofia," na Vukan akafunika uso kwa mikono miwili.

Wakatoka. Niliwafuata mpaka ukumbini na kitambaa changu mkononi. Baba na Vukan walitangulia uani, nikamsikia Baba akisaidia kuhamisha spika ili apate pa kukaa. Relja alikuwa amepiga goti, anafunga kamba za buti.

"Nakupenda," nikamwambia kichwa chake. "Hata siku ile nilikupenda, ndiyo maana nikasema upuuzi. Sitaki Vukan afungiwe kanyagio. Sitaki daftari. Nataka wewe unitazame mabega."

"Dunja, nimevaa kiatu kimoja. Usiniambie mambo makubwa nikiwa na kiatu kimoja."

"Nitakuambia lini? Kesho naondoka!"

Akafunga cha pili. Akainuka. Tulikuwa karibu mno, ukumbi wetu ni mwembamba na makoti ya wageni yalitusukuma. Aliniwekea kiganja shavuni, kiganja cha baridi, akanifuta machozi kwa kidole gumba, na mimi nikafumba macho kwa sababu nilikuwa nimelisubiri hilo miaka miwili na nusu bila kujikubalia.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Hasira nyingi. Haitaisha kesho saa moja."

"Njoo nayo. Kombi ni kubwa."

Karibu acheke. Halafu uso wake ukabadilika, akatazama chini.

"Kuna kitu hujui," akasema. "Mama alikuulizia mpaka wiki ya mwisho. Kila jioni, 'Dunja yuko wapi, mbona haji?' Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikasema uko safarini, unaimba, umemsalimu. Kila jioni nilimletea salamu zako mpya." Akafunga koti mpaka shingoni. "Alikufa anajua wewe ni mkwe wake."

Uani Vukan akapiga honi, mara moja, kwa heshima. Relja akafungua mlango, theluji ikaingia, akatoka bila kugeuka, na mimi nikabaki nimesimama pale katikati ya makoti ya watu, nikijaribu kufikiri ni salamu gani alizokuwa akizitunga.